Hesabu meno ya mutoto wako, kisha angalia jasho lake

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu wakati bwana yuko kazini, tuanze na kazi ndogo. Leo jioni, kisha chakula, ita mutoto wako mwenye miaka 3, mukalishe karibu na mwangaza, mwambie afungue kinywa, na uhesabu. Unapaswa kukuta meno 20: 10 juu na 10 chini. Mutoto wa miaka 7 anaangusha meno ya mbele, basi huyo usimuhesabu namna hiyo. Kinywa chake kiko kama kiwanja cha ujenzi. Mutu mukubwa ana meno 32 ikiwa yale ya mwisho yametoka yote. Watu wengi hawapati yale ya mwisho, na si ugonjwa.

Kwa nini tunaomba hesabu hii katika ukurasa wa usalama, pahali mumezoea kusoma habari ya kofia, viatu na moshi wa baruti? Ni kwa sababu kuna magonjwa ya meno ambayo mutu anazaliwa nayo, anayapata katika ukoo, na moja kati yao linaweza kuua mutoto kwa joto mbele mutu yeyote hajatambua ya kuwa ni ugonjwa. Tena siku hizi habari zinazunguka katika kambi ya kwamba kuna meno mapya ambayo munganga anayapanda ndani ya mufupa kama vile mutu anapanda muhogo. Wazazi wanauliza: "Mutoto wangu hana meno, wanaweza kumupandishia?" Ulizo ni zuri. Jibu lake linaomba subira.

Si kila jino baya linatoka katika ukoo

Tusidanganyane. Meno mengi mabaya tunayoona katika kambi zetu yanatoka kwa sukari na kwa kukosa burushi. Mengine yanatoka kazini: mutu anayefanya kazi miaka mingi karibu na mabeseni ya elektrolizi bila kinyago, mvuke wa asidi ya sulfuriki unaweza kula meno yake ya mbele mpaka yanakuwa mafupi na makali. Huo ni ugonjwa wa kazi. Dawa yake ya kwanza ni kuvuta mvuke huo inje ya chumba na kuvaa kinyago, kisha ndipo munganga wa meno. Madoa ya kahawia yanaweza kutoka kwa maji ya kisima yenye fluori nyingi. Yanaweza kutoka pia kwa tetrasiklini waliyomupa mutoto mbele ya miaka 8, ao waliyomupa mama yake alipokuwa na mimba. Kwa hiyo usinunue vidonge hivyo sokoni kwa ajili ya mutoto, hata kama jirani anakuapia ya kuwa vilimuponyesha wake.

Ugonjwa wa ukoo una sura nyingine. Unashika karibu meno yote, si moja wala mawili. Unaonekana siku ile ile jino linapotoka, mbele halijaguswa na sukari. Mara nyingi unaonekana katika meno ya utoto na tena katika meno ya ukubwa. Na ukiuliza vizuri katika jamaa, utasikia: "Ndiyo, nkambo naye alikuwa hivyo," ao "Mujomba wangu aliitwa kibogoyo tangu ujana."

Kuna watu ambao ganda jeupe la inje halikujengwa sawasawa. Ganda hilo ni gumu kupita mufupa wowote wa mwili. Kwao ni jembamba sana, ao ni laini kama chaki. Angalia sahani ya emai iliyochomwa vibaya kiwandani: emai inabanduka, chuma kinabaki wazi. Meno yao ni ya manjano ao ya kahawia, na maji ya baridi yanawauma hata wanaacha kupiga burushi, na hapo meno yanaharibika mbio zaidi.

Wengine ganda lao ni zuri, lakini kilicho chini yake, dentini, ni kizaifu. Jino linatoka na rangi ya majivu yenye bluu ndani, ao rangi ya asali, na mwangaza unapita ndani yake kidogo. Ganda linavunjika kwa sababu halina pahali pa kushika, kisha jino linaisha kwa kutafuna, wakati mwingine mpaka kwenye ufizi. Muzazi mumoja mwenye ugonjwa huu anatosha: kila mutoto anayezaliwa ana bahati 1 juu ya 2 ya kuupata, mwanaume sawasawa na mwanamuke. Kuna tena namna yake inayokwenda pamoja na mifupa yenye kuvunjika bure. Mutoto mwenye meno ya rangi hiyo ambaye amekwisha kuvunja mukono mara mbili kwa kuanguka kidogo tu, mwambie munganga mambo hayo mawili siku moja, usiyatenganishe.

Na kuna wale ambao meno hayakuota kabisa. Kukosa jino 1 ao 2 ni jambo la kawaida. Mara nyingi ni jino la pembeni ya yale mawili makubwa ya mbele juu, ao lile la pili katika meno madogo ya shavuni. Lakini kukosa 6 na zaidi, bila kuhesabu yale ya mwisho, si jambo la kupita mbio. Hapo ndipo tunakuja kwenye jasho.

Mutoto asiyetoa jasho

Ngozi, nywele, kucha, meno na vifuko vya jasho vinatoka katika tabaka moja la mwili wakati mutoto angali tumboni. Agizo moja likikosekana katika tabaka lile, vyote vinaweza kupunguka pamoja. Ndiyo maana mutoto mwanaume mwenye ugonjwa huo ana meno machache yenye ncha kama msumari, nywele nyepesi sana, ngozi kavu karibu na macho, na vifuko vya jasho vichache ao hana hata kimoja. Wanganga wanauita displasia ya ektodemu. Jina ni gumu. Alama zake si ngumu.

Mwili wa mutu unajipoza kwa jasho, na sisi tunaofanya kazi karibu na tanuru tunalijua hilo kupita wengine. Sasa fikiri mutoto wa miezi 8 asiye na jasho, mwezi wa 10, mbele ya mvua, chini ya bati. Mwili wake unawaka. Mama anamupeleka kwenye dispansere, wanapima damu, malaria hakuna, wanamupa dawa hata hivyo. Siku ya tatu homa inarudi. Damu ipimwe kila mara, hilo hatulikatai, maana malaria inaua watoto wengi zaidi kuliko ugonjwa huu. Lakini homa inayokuja kila siku wakati wa joto la muchana na kushuka usiku, katika mutoto mwenye nywele chache na ambaye jino halijaonekana hata mwaka na nusu umepita, inaomba munganga aulizwe juu ya jasho. Watoto wengine wenye ugonjwa huu wanakufa kwa joto katika miaka ya kwanza, na jamaa hawajui ni nini iliyowaua.

Kumulinda hakuombi feza nyingi. Kivuli, maji ya kunywa kila wakati, shati lililoloweshwa, kitambaa chenye maji kichwani na kifuani. Usimufunike blanketi akiwa na homa, hata kama nkambo anasema homa inatoka kwa jasho. Kwake jasho halitatoka. Mwalimu wake aambiwe, maana mutoto huyu hawezi kusimama juani saa moja kwa kuimba wala kukimbia mupira saa 7 ya muchana.

Na wewe mukubwa wa ekipe, usikie vizuri. Mutoto huyo anakua, anaomba kazi. Anaweza kuwa fundi mwema wa umeme ao karani wa stoo. Ukimutuma mbele ya tanuru, ao katika galeri ya chini yenye joto na unyevu, anaweza kuanguka mbele ya wenzake bila kusema kitu. Siku ya kupimwa na munganga wa kazi, mufanyakazi mwenye meno machache tangu kuzaliwa aseme wazi kama anatoa jasho ao hapana. Kuficha kwa haya ni kujiweka hatarini, na wenzake watakaomubeba pia.

Mama yake hakufanya kosa

Kuna neno moja tunataka kulisema bila kuzunguka. Mutoto akikosa meno, mara nyingi mama ndiye anayehukumiwa. Wanasema alikula kitu kibaya, alivunja mwiko, ao mutoto si wa bwana. Desturi ya kuogopa meno ya watoto ni ya zamani: kwa Babemba na Balamba, mutoto aliyetoa kwanza meno ya juu aliitwa chinkula, naye aliogopwa ya kuwa ataleta bahati mbaya; watu wa pwani wao walikuwa na jina la kigego. Tunawaheshimu wazee. Lakini juu ya jambo hili jicho la munganga linaona mbali zaidi.

Mwaka 1875 Muingereza Charles Darwin aliandika habari ya jamaa moja ya Sindh, inchi ambayo leo iko ndani ya Pakistani. Wanaume 10 katika vizazi 4 walikuwa na meno machache madogo, nywele kidogo, na waliteswa sana wakati wa joto kwa ukavu wa ngozi. Mabinti wa jamaa hiyo hawakuonekana na ugonjwa, lakini walizaa wana wenye ugonjwa. Na mwanaume mugonjwa hakuupitisha kwa wana wake wanaume. Darwin hakuweza kujua sababu. Ilipatikana mwaka 1996, wakati wataalamu walipogundua jeni yenyewe, wakaiita EDA. Iko juu ya kromozomu X, ile ambayo mwanaume anayo moja tu na anaipata kwa mama yake. Mama mwenye jeni hiyo, kila mwana mwanaume anayezaa ana bahati 1 juu ya 2 ya kuwa mugonjwa. Yeye mwenyewe pengine anakosa jino moja ao mawili tu, ao sehemu za ngozi yake hazitoi jasho, na hajawahi kujiuliza kwa nini. Hakuitafuta jeni hiyo, hakuinunua, na hakuna chakula kinachoileta. Baba naye hana sababu ya kuuliza mutoto ni wa nani.

Kuna jeni nyingine zinazopunguza meno bila kugusa jasho, na katika hizo baba anaweza kuwa ndiye mwenye kupitisha. Tusizitaje zote; majina yake ni herufi na namba tu.

Muzizi wa chuma

Sasa tufike kwenye meno ya kupandwa, maana tunajua wengine wenu mumeruka mistari yote ya juu kutafuta sehemu hii.

Zamani mutu akikosa meno alipewa meno ya bandia yanayokaa juu ya ufizi, ya kutoa usiku na kurudisha asubui. Ufizi unayabeba, hayashiki katika mufupa. Katika miaka ya 1930, kule Boston, Marekani, wanganga walijaribu kupanda vizuizi vya chuma ndani ya taya, na chuma walichochagua kilikuwa mchanganyiko wa kobalti, kromu na molibdeni. Ndiyo, kobalti. Meno ya kutoa na kurudisha yenye mifupa ya chuma, yale mazuri membamba, hata leo mara nyingi yanatengenezwa kwa mchanganyiko huo, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo wetu wa Kongo. Pengine mzee mumoja wa ng'ambo anatafuna nyama yake kwa kitu kilichopita katika mikono ya mwenzako wa posti ya usiku.

Chuma kilichoshinda lakini ni kingine: titani. Mwaka 1952 munganga mumoja wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aliweka vifaa vidogo vya titani ndani ya mifupa ya sungura ili aangalie namna damu inavyopita wakati mufupa unapona. Alipotaka kuvitoa, havikutoka. Mufupa ulikuwa umevishika kabisa. Alijifunza jambo hilo miaka mingi, na mwaka 1965, kule Göteborg, alimupandia mutu wa kwanza mizizi 4 ya titani katika taya la chini. Jina lake Gösta Larsson. Angalia vizuri mutu huyo alikuwa nani: hakuwa mzee aliyepoteza meno kwa kuoza. Alizaliwa na taya lisilojengwa sawa, na meno ya chini hakuwa nayo. Basi kazi hii tangu siku ya kwanza ilikuwa ya watu waliozaliwa na upungufu. Larsson alikufa mwaka 2006, mizizi yake ingali inashika, zaidi ya miaka 40.

Ninyi munaofanya kazi chini ya udongo, kazi hii munaijua bila kujua. Ni buloni zile ndefu tunazopanda katika paa la galeri. Buloni haishiki kwa nguvu yake yenyewe. Inashika kwa sababu ya jiwe linaloizunguka. Jiwe likiwa zuri, buloni moja inabeba uzito mukubwa. Jiwe likiwa limepasuka na kuoza, unaweza kupanda buloni 10 na paa litashuka. Taya ni vile vile. Mbele ya kupanda, munganga anapiga picha ya radio aone upana na urefu wa mufupa, sawa na vile mtaalamu wa mawe anavyogonga paa mbele hamjaingia.

Kutoboa nako munakujua. Mutu hatoboi jiwe bila maji: vumbi linajaa mapafu na ncha ya chuma inaungua. Katika taya, maji ya chumvi yanamwagika wakati wote kwa sababu nyingine: kinachoungua ni mufupa. Majaribio ya Göteborg juu ya sungura, yaliyotangazwa mwaka 1983, yalionyesha ya kuwa joto la digri 47 kwa dakika 1 linatosha kuharibu mufupa usishike tena. Kisha tundu kutobolewa polepole na muzizi kukazwa ndani, unangojea. Kwa desturi, miezi 3 chini, miezi 6 juu, ndipo jino lenyewe linafungwa juu yake. Mutu anayekuambia atakupandia meno yote kwa chumba cha nyuma ya duka, bila radio, bila maji safi, bila kungojea, anakuwekea buloni katika udongo. Huko barabarani kuna wengi wanaobandika tu jino la plastiki kwa gundi juu ya muzizi uliooza na kuliita implanti. Chini yake usaha unatembea.

Kwa nini munganga anakataa kumupandia mutoto

Hapa ndipo wazazi wengi wanakasirika. Mutoto ana miaka 9, wenzake wanamucheka, baba ameweka feza, na munganga anasema: ngojea. Baba anafikiri ya kuwa anadharauliwa.

Sababu ni hii. Jino la kweli halikufungwa moja kwa moja katika mufupa. Kuna nyuzi nyembamba katikati, na taya linapokua jino linasafiri pamoja nalo. Muzizi wa titani hauna nyuzi hizo. Umeshikwa na mufupa pale ulipowekwa, unabaki pale. Taya linashuka na kusonga mbele, meno jirani yanafuata, lile la chuma linabaki nyuma, na kisha miaka michache linaonekana fupi kama mutoto aliyesimama kati ya watu wakubwa. Kulitoa ni kukata mufupa. Kwa hiyo wanganga wengi wanangojea mpaka kukua kumekwisha, karibu na miaka 18, na kwa wavulana mara nyingi zaidi ya hapo. Hawaangalii tarehe ya kuzaliwa peke yake. Wanapima kama urefu umesimama.

Kuna pahali pamoja ambapo wanakubali kuvunja kanuni hii. Mutoto asiye na jino hata moja chini, kwa sababu ya ugonjwa ule wa jasho, anaweza kupandiwa mizizi michache mbele ya taya la chini, sababu sehemu ile inamaliza mapema sehemu kubwa ya kukua kwake. Wanganga wa Marekani walifuata wagonjwa 51 wa namna hiyo, vijana na watu wakubwa, na mwaka 2002 walitoa hesabu: kwa mizizi 100 iliyopandwa mbele ya taya la chini, 91 ilishika, kwa 100 ya juu, 76 tu. Hesabu hiyo inaonyesha tabu yenyewe. Mufupa unaobeba meno unakua kwa sababu meno yanaota ndani yake. Pasipo jino, ukingo wa taya unabaki mwembamba kama upanga. Mutu ambaye meno yalikosa kabisa, yaani anayeihitaji mizizi kupita wote, ndiye mwenye mufupa mudogo kupita wote. Mara nyingi lazima kwanza wachukue kipande cha mufupa pengine, kwa mfano kiunoni, wakijenge tayani, wangojee miezi, ndipo wapande.

Mwenye meno yenye rangi ya asali, yeye ana bahati nyingine: jino ni baya lakini mara nyingi taya ni zima, na akiwa mukubwa mizizi inaweza kushika vizuri. Lakini kama mifupa yake inavunjika bure na anapata dawa za kuikaza, munganga lazima aambiwe, maana dawa zile zinaweza kuzuia taya kupona. Kwa yule ambaye ganda la jino ni jembamba, sisi tunasema bila woga: kupandiwa meno kuwe jambo la mwisho. Jino lake lina muzizi mzuri. Livikwe kofia. Tumeona vijana wakikubali kungolewa meno 20 ili wapate meno ya kung'aa. Muzizi wa kuzaliwa ukitupwa haurudi.

Basi mutoto afanye nini miaka hiyo yote ya kungojea? Apewe meno ya bandia. Usishangae: hata mutoto wa miaka 3 ao 4 anaweza kuvaa meno ya kutoa na kurudisha, na wengi wanazoea upesi kuliko wazee. Yanamusaidia kutafuna, kusema maneno yakasikilika, na uso wake hauporomoki. Yatabadilishwa kila mara anapokua, kama viatu. Yale machache ya utoto aliyo nayo yasingolewe bila sababu kubwa, hata kama yana ncha na sura mbaya, kwa sababu yanashika mufupa. Munganga anaweza kuyajaza kwa resini nyeupe yakapata umbo. Hii ni kazi ya nusu saa, na tunaona haya kuona ni wazazi wachache wanaoiomba.

Kwa wewe mukubwa unayefikiri kupandiwa: sigara inapunguza nafasi ya muzizi kushika, na sukari katika damu isiyotunzwa pia. Burushi itabaki kazi yako ya kila siku, maana chuma hakiozi lakini ufizi unaokizunguka unaoza. Uliza mbele nani atakaza parafujo ikilegea kisha miaka 5, na kama vipande vyake vinapatikana hapa ao lazima kuvingojea kutoka inchi nyingine. Mutambo usio na vipande vya kubadilisha munajua mwisho wake.

Kuna habari mbili za mbali. Mwaka 2018 wanganga wa Erlangen, Ujerumani, walitangaza ya kuwa walitia dawa ndani ya maji yanayomuzunguka mutoto tumboni, kwa watoto 3 wanaume wenye ugonjwa wa kukosa jasho. Walipozaliwa waliweza kutoa jasho. Na mwaka 2024, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walianza kujaribu kwa watu wakubwa dawa ya kuamusha meno yasiyoota. Zote mbili ziliingia katika majaribio, hazikuletwa kuuzwa. Mutu akikuletea chupa ya dawa ya kuotesha meno katika kambi, mufungie mulango.

Siku ya kwenda kwa munganga wa meno, chukua karatasi na uandike mbele: mutoto alitoa jino la kwanza akiwa na miezi mingapi, meno mangapi leo, jasho linatoka ao hapana, mifupa imevunjika mara ngapi, na nani katika jamaa ya baba na ya mama alikuwa na meno kama hayo. Nkambo akiwa hai, mupeleke naye. Kichwa chake kinajua ukoo kupita karatasi zetu zote. Na ikiwa bibi yako ana mimba, na ndugu yake mwanaume alizaliwa bila meno na bila jasho, mwambieni mukunga sasa, mbele ya kuzaa, ili mutoto alazwe pahali pa baridi tangu siku ya kwanza na homa yake ya kwanza isipokelewe kama malaria tu.